Uzoefu wangu: vyumba vya mikutano ndani ya Microsoft 365, na chumba kilichotaka vikao vya wanga

Kwa miaka mingi vyumba vya mikutano vya ofisi yetu hapa Dar es Salaam vilitawaliwa na kaunta buku moja lenye jalada gumu, lililokaa mapokezi karibu na simu. Unataka chumba, unashuka ngazi, unaandika jina, siku na saa. Akija mwenye cheo kuliko wewe, anakufuta kwa rula na kalamu. Dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa hakimu, na hukumu zake zilitegemea ulimsalimia vipi asubuhi.

Nilipoingia kitengo cha TEHAMA, barua pepe zetu zilikuwa tayari ziko Microsoft 365, ile huduma ya Microsoft ya barua pepe, kalenda na programu za ofisi. Kwa hiyo sikununua kitu. Kipengele cha vyumba kilikuwemo humo humo siku zote, ila hakuna aliyekigusa. Nimekitumia kwa zaidi ya mwaka sasa, vyumba vinne, wafanyakazi kama sitini. Ningekipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaeleza ilikopotelea.

Kwa asiyejua, jambo lenyewe ni rahisi. Chumba kinapewa sanduku lake la barua pepe kana kwamba ni mfanyakazi. Kina anwani, kina kalenda, na kina jina kwenye saraka ya ofisi, yaani orodha ya akaunti zote, ile iliyokuwa ikiitwa Azure Active Directory na ambayo tangu 2023 inaitwa Entra ID. Ukiitisha kikao, unakialika chumba pamoja na watu. Kikiwa hakina kitu saa hiyo, kinakubali chenyewe. Kikiwa kimeshachukuliwa, kinakataa. Hakiangalii cheo, na salamu hakizijui.

Kuvitengeneza vyote vinne kulinichukua chini ya nusu saa. Unaingia kwenye ukurasa wa msimamizi, unafungua sehemu ya rasilimali, unachagua vyumba na vifaa, unaandika jina, anwani na idadi ya watu. Tulivipa majina ya hifadhi: Ruaha, kikubwa kuliko vyote, watu ishirini, Mikumi, wanane, Saadani, sita, na Mkomazi, ambacho nilikiandikia wanne japo wanne hao inabidi wawe wanapendana.

Kuhusu leseni, sikiliza vizuri maana hapa watu wanaliwa. Muuzaji mmoja ambaye simtaji alituletea makadirio ya bei yenye leseni nne za ziada, moja kwa kila chumba. Hazikuhitajika. Sanduku la chumba cha kawaida halidai leseni. Leseni inaingia pale unapofunga chumbani kifaa cha Teams Rooms, cha vikao vya video vya Teams, chenye skrini na kamera, kinachojiunga na kikao chenyewe; na hata hapo kuna leseni ya Basic isiyolipiwa, hadi vyumba 25. Nilimrudishia karatasi yake nikiwa nimekata mistari minne kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa mwaka hakutuletea kalenda ya ukutani kama kawaida yake.

Na kitu hiki usikiruke: kila chumba kinazaliwa na akaunti kwenye saraka, na kama chumba hakina kifaa, hakuna mtu anayetakiwa kuingia kwa akaunti hiyo. Nenda ukahakikishe kuingia kumefungwa. Akaunti isiyo na mwenyewe, ambayo hakuna anayeangalia nani kaifungua lini, ni dirisha la chooni lililoachwa wazi.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo nilipotokwa jasho.

Wiki ya kwanza tu, watu wawili waligongana mlangoni mwa Mikumi saa nne asubuhi. Wote wana ushahidi. Mama wa uhasibu anaonyesha simu yake: chumba kimemkubalia. Kijana wa miradi anaonyesha kompyuta: naye kimemkubalia. Nikadhani mfumo umeharibika. Kumbe mama aliandika 4:00. Saa nne, si ndiyo nne? Outlook, programu yetu ya barua pepe na kalenda, ikaelewa saa kumi alfajiri, chumba kikaangalia, hakuna mtu, kikapokea bila swali. Kikao cha mama kilikuwa kimeshapita, yeye akiwa bado usingizini.

“Mwanangu,” akaniambia, “saa kumi alfajiri mimi nije kufanya nini hapa?”

Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kompyuta inaanza usiku wa manane, na katikati kuna saa sita ambazo hata mkurugenzi hawezi kuzifuta kwa rula. Nikaona dawa ni kuufunga usiku. Kuna mpangilio unaokifanya chumba kikatae kikao chochote kilicho nje ya saa za kazi. Ukitumia PowerShell, dirisha la msimamizi la kuandikia amri, amri ni Set-CalendarProcessing na swichi yenyewe inaitwa ScheduleOnlyDuringWorkHours. Nikaiwasha kwa vyumba vyote vinne Ijumaa jioni, nikaenda zangu nyumbani nikijisifu.

Jumatatu simu haikupumzika. Chumba kimekataa. Kimekataa tena. Saa tatu kimekataa, saa tano kimekataa, saa nane kimekataa. Majibu yote ni yale yale: nje ya saa za kazi. Nikajaribu mwenyewe kuiomba Saadani kwa saa mbili usiku. Ikakubali papo hapo. Dada wa mapokezi alikuwa amesimama nyuma yangu, kaunta buku kalikumbatia kifuani.

“Kaka,” akasema, “hicho chumba chako kinataka vikao vya wanga.”

Kosa lilikuwa langu. Nilikiambia chumba kifuate saa za kazi bila kukiambia kiko upande gani wa dunia. Sanduku la chumba usipolielekeza linachukua saa za Pasifiki, za magharibi ya Marekani, Jumatatu hadi Ijumaa, 8:00 hadi 17:00. Ilikuwa Februari, na mwezi huo sisi tuko mbele yao kwa saa 11. Wao wakifungua ofisi, huku ni saa moja usiku. Wakifunga, huku ni saa kumi alfajiri. Chumba kilikuwa kinachapa kazi vizuri kabisa, ila kilikuwa kinaichapia Seattle.

Tiba ni amri nyingine, Set-MailboxCalendarConfiguration, ambapo unaandika saa za kuanza, za kumaliza, na jina la eneo. Jina la eneo letu ni E. Africa Standard Time, na ukilitafuta kwenye orodha za Windows utalikuta limeandikwa Nairobi. Dar es Salaam haimo. Nikameza mate nikachagua Nairobi, watani zangu wa kule wakisoma hapa wafurahi. Nikaweka 7:30 hadi 18:00, na ndani ya muda mfupi vyumba vikarudi Tanzania.

Lakini usidhani kufunga usiku kunamaliza tatizo. Anayetaka saa nne asubuhi akaandika 4:00 ananaswa. Anayetaka saa nane mchana akaandika 8:00 hanaswi, kwa sababu 8:00 ni saa mbili asubuhi na ofisi iko wazi. Huyo atapata chumba asichokihitaji na kukosa anachokitaka. Kilichotusaidia ni vitu viwili. Kwanza, tulipita kwenye simu na kompyuta za watu tukazibadilisha zionyeshe saa 24, ili mchana usomeke 14:00, namba ambayo haifanani na saa yoyote ya Kiswahili. Pili, chumba kinaruhusu uongeze maneno yako kwenye jibu lake. Sasa ukikubaliwa, chini ya jibu unasoma kwa Kiswahili: “Hii ni saa ya kompyuta. 10:00 ni saa nne asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Kama siyo uliyokusudia, futa uanze upya.” Mistari hiyo imetuokoa kuliko semina mbili nilizoendesha.

Jambo la pili lililozua maneno ni vichwa vya vikao. Chumba kikipokea mwaliko, kwa kawaida yake kinafuta kichwa ulichoandika na kuweka jina la aliyeitisha, kisha kinafuta na maelezo ya ndani. Watu walilalamika: naona jina la fulani tu, sijui kikao ni cha nini, nitajuaje kama kinaahirishika? Ni swichi mbili, DeleteSubject na AddOrganizerToSubject, na nikazizima zote. Siku chache baadaye mtu wa rasilimali watu akaja ofisini kwangu akafunga mlango. Alikuwa amebuki Mkomazi kwa kikao cha nidhamu, na kwenye kichwa kaandika jina la mhusika. Wenzake walikuwa wameshasoma. Basi Mkomazi nikairudishia desturi yake ya kuficha, vile vitatu vingine nikaviacha wazi. Ujue pia kwamba mabadiliko haya yanagusa mialiko mipya tu. Iliyokwishapokelewa inabaki ilivyokuwa. Na hata ukiacha vichwa, wenzako hawavioni mpaka ubadilishe ruhusa ya kalenda ya chumba, kwa sababu kwa kuanzia wanaona tu kwamba kuna mtu au hakuna.

Vikao vya kila wiki vina mtego wao. Chumba kinakubali kubukiwa hadi siku 180 mbele, na kikao kinachojirudia kikivuka hapo kinakataliwa mfululizo mzima, si ile sehemu iliyozidi. Kikao cha menejimenti cha Jumatatu kilikataliwa mara tatu kabla sijagundua kwamba katibu alikiwekea mwaka mzima. Nikaongeza siku zikawa 365. Halafu kikakataliwa tena, safari hii kwa sababu Jumatatu moja tu kati ya zote ilikuwa imeshachukuliwa na wageni. Hapo unatakiwa kukiruhusu chumba kivumilie migongano michache, niliweka 5. Sasa kinapokea mfululizo na kuzikataa zile siku zinazogongana peke yake.

Orodha ya vyumba kwa jengo, ile inayomwezesha mtu kufungua Outlook na kuona vilivyo wazi vyote kwa pamoja, niliitengeneza kwa PowerShell. Baada ya hapo kuwa na subira, kwani mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kujitokeza. Mimi nilifuta na kuunda upya mara mbili nikidhani nimekosea, kumbe nilikuwa najirudisha mwanzo wa foleni.

Nyota ya tano ilipotelea kwenye vikao hewa. Mtu anabuki Ruaha kwa watu ishirini, haji, na chumba kinakaa kitupu saa mbili nzima huku watu wanakutania kwenye korido. Kalenda haijui kama kuna mtu kwenye kiti. Zipo skrini za mlangoni za Teams zinazomtaka mtu athibitishe kuwa amefika, asipothibitisha chumba kinaachiwa, lakini hizo ni fedha, na bajeti yetu mwaka huu iliishia kwenye betri za kuhifadhi umeme. Vikao vya watu walioacha kazi ndivyo vilivyonichosha zaidi. Mwenzetu aliondoka Juni, akaunti yake tukaifuta, lakini kikao chake cha kila Alhamisi kikaendelea kuishika Saadani hadi Septemba. Siku hizi kabla ya kufuta akaunti ya anayeondoka natumia kwanza amri ya Remove-CalendarEvents, inayofuta vikao vijavyo alivyoitisha na kuvijulisha vyumba.

Na kuna wale wanaoandika jina la chumba kwenye nafasi ya mahali bila kukichagua kutoka kwenye orodha. Wameandika “Ruaha”, wanaamini wamebuki Ruaha, chumba chenyewe hakina habari. Hilo sijalipatia dawa. Nimejaribu barua pepe, nimejaribu karatasi ukutani.

Kaunta buku bado lipo mapokezi. Mzee wetu wa usafirishaji, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alikataa katakata kujifunza. Anapiga simu mapokezi, anasema anataka Mikumi saa tatu, na dada anamwekea kwenye kompyuta kwa 9:00 bila kukosea. Nilipomuuliza mbona yeye hajawahi kuchanganya saa hata siku moja, akanionyesha ndani ya jalada la lile kaunta buku. Alikuwa ameshachora kwa kalamu jedwali la saa kumi na mbili, yetu upande huu, ya kompyuta upande ule, na tarehe aliyoandika juu yake ni ile Jumatatu ya Februari.