Blasha na lipstiki kwa ngozi nyeusi: chunguza weupe kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Kisumu na Kakamega ni yale yale: blasha ilipendeza ikiwa kikoponi, ilipofika shavuni ikageuka kijivu, na mwenyewe akaonekana kama aliyetoka kupepeta unga. Muuzaji naye anamwambia hajui kupaka. Anajua sana. Ameuziwa weupe.

Weupe huo ni titani dioksidi, unga mweupe unaochanganywa na rangi ili nyekundu iwe waridi. Kwenye ngozi ya Mzungu hauonekani. Kwenye yetu ndio unaotangulia kuonekana. Lebo huuandika CI 77891, lakini usitegemee lebo: rangi huorodheshwa mwishoni kwa mpangilio wowote, hivyo huwezi kujua umetiwa kiasi gani. Ni lazima ujaribu, na si kiganjani, maana viganja vyetu ni vyeupe. Paka kando ya taya, toka nje juani, halafu sugua kwa kidole. Ukibaki utando wa kijivu, mrudishie muuzaji.

Namba moja kwangu ni Fenty Beauty, na upendeleo huu sifichi. Inauzwa rasmi Kenya tangu Mei 2022. Chukua blasha yao ya krimu, rangi ya Summertime Wine. Krimu yake ni nyepesi, ngozi yako inaonekana chini yake, na shavu linabaki shavu. Ioanishe na lipstiki ya rangi ya tunda la zambarau lililoiva. Anza na mdomo, ndipo uje mashavuni, la sivyo utazidisha. Gusagusa kwa kidole juu ya mfupa wa shavu ukielekea sikioni. Ukiburuta kidole utaondoa fandesheni. Kwa joto la Kisumu, malizia kwa poda kidogo isiyo na rangi, la sivyo kufikia saa sita krimu itakuwa imeteremka na jasho.

Namba mbili ni MAC, blasha ya poda iitwayo Raizin. Ina wekundu wa kahawia, na inakaa vizuri na lipstiki ya rangi ya matofali. Usiivae na Ruby Woo, lipstiki ya MAC hao hao: ile ni nyekundu yenye ubuluu, na uso utagawanyika, mdomo huku, mashavu kule. Ruby Woo ipe Summertime Wine, kidogo tu.

Namba tatu ni lipstiki moja ifanye kazi zote mbili. Yoyote ya kijiti, laini, iliyokolea: iguse kwa kidole, bonyeza shavuni, tandaza haraka. Za majimaji zinazokauka, kama SuperStay Matte Ink ya Maybelline, ziache mdomoni, zikishakauka hazitandaziki.

Za bei ya chini pale soko la Kibuye, Kisumu? Lipstiki nyekundu au kahawia iliyokolea, sawa, ikiwa na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Blasha zake, hapana.

Na hapa wauzaji wetu wanisikie. Rafu zimejaa waridi hafifu, rangi tatu nne zinazofanana, ilhali wanawake wanaopita Mtaa wa Oginga Odinga ni weusi tititi na wanapendeza hivyo. Duka moja mjini liliniambia rangi zilizokolea "hazitembei". Zitatembeaje na hawajawahi kuziweka rafuni? Tunaagiza Nairobi, tunalipa bei ile ile ya Nairobi, halafu tunalipa na usafiri wa basi. Anayeuza bila kijaribio, kile kikopo cha wateja kujaribia, anatuuzia kwa macho tu, na kikopo kikishafunguliwa anakataa kukipokea. Wasipotoa kijaribio, weka pesa yako mfukoni utoke, na waambie sababu kabla hujafika mlangoni.