Godoro la inchi nane, kiuno, na usingizi wangu: uzoefu kutoka Lamu

Nimelilalia godoro hili kaskazi nzima, miezi ya joto, na sasa kusi imeshaingia, kwa hiyo nalisema nikilijua. Ni godoro la sponji, futi tano kwa sita, unene inchi nane, ugumu wa kati. Nililinunua Malindi nilipokwenda arusini, kwa shilingi 14,500. Kampuni siitaji kwa sababu sponji ya aina hii inatengenezwa na kampuni kadhaa hapa Kenya, na nitakayoyasema yanahusu aina, si nembo.

Mimi ni mshonaji wa kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, mtaa wa Langoni hapa Lamu. Kazi yenyewe ni kukaa mkekani miguu umeikunja, kiuno umekiinamisha, mpaka macho yakatae. Maumivu yangu yako kiunoni upande wa kulia na hayashuki mguuni. Mchana nayavumilia. Usiku ndio uliokuwa adhabu: kila nikijigeuza naamka, na saa tisa ikifika nimekaa kitako kitandani nangoja adhana. Halafu kwenye Swala ya alfajiri, kuinuka kutoka sijda mpaka nishike ukuta.

Nilikuwa nalalia godoro la sufi juu ya kitanda cha kamba cha mamangu. Sufi siitukani. Haina joto, na ukiianika darini jua la siku moja inaumuka upya. Lakini hiyo yetu ilikuwa imezama katikati, na kamba za kitanda nazo zimelegea, basi usiku kucha nateremkia bondeni. Mama akaniambia, "Lala tini mwanangu, sakafu haibonyei." Nikalala chini. Kiuno kilitulia kidogo, ila nyonga na bega wakaanza visa vyao, na kuinuka pale asubuhi ni shughuli ya watu wawili.

Dukani muuzaji alinipeleka moja kwa moja kwenye godoro la bei ya juu. "Dada, hili ndilo la mgongo." Nikavua viatu nikalala ubavu na buibui langu, wateja wengine wakaona ajabu. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, tena msiinuke haraka. Lile la mgongo lilikuwa ubao mtupu: nyonga inagonga, kiuno kinaning'inia hewani. Lala chali pia, upitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa uwazi mkubwa, godoro ni gumu mno kwako. Usipoweza kukipitisha kabisa, umezama. La pembeni yake, lililokuwa la bei nafuu zaidi, kiganja kilipita kwa kubanwa kidogo. Hilo ndilo nililolichukua.

Wauzaji wengi wanachanganya uzito wa sponji na ugumu wake. Uzito ni wingi wa malighafi ndani ya kipimo kilekile cha nafasi, na ndio unaoamua godoro litadumu miaka mingapi kabla ya kubonyea. Ugumu ni jinsi linavyokusukuma ukililalia. Sponji nzito yaweza kuwa laini, na nyepesi yaweza kuwa ngumu wiki za mwanzo kisha ikakutupa. Kuhusu hili la "mgongo unataka ugumu", kuna utafiti wa Hispania uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2003. Wagonjwa 313 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawiwa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliopata ya kati walikuwa na nafuu zaidi.

Kulifikisha ndiyo kero. Basi mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha boti, kisha hamali na mkokoteni kwenye vichochoro, kisha ngazi zetu hizi unazozijua. Botini kona moja ililowa maji ya chumvi na hakuna aliyejitolea kuomba radhi. Sponji iliyokunywa maji ya bahari haikauki upesi, basi mwambieni muuzaji afunge nailoni mbili. Ukishafika, ivue nailoni yote. Wanaoiacha ili godoro "lisichafuke" wanalala ndani ya jasho. Na kabla ya kulitandika, nilimwita seremala akatoa kamba za kitanda akapiga mbao za karibu karibu. Godoro jipya juu ya kamba zilizolegea ni pesa zilizotupwa.

Matokeo sasa. Harufu ya sponji ilikaa siku kadhaa. Joto la kaskazi lilinisumbua kuliko kwenye sufi, nikatandika shuka nene ya pamba. Kuamka usiku kumepungua sana, najigeuza bila kugutuka. Maumivu yenyewe hayakuondoka kwa godoro, na atakayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Yaliyopunguza maumivu ni ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, hospitalini. Alinionyesha kulala ubavu na mto katikati ya magoti, ambao haukunigharimu chochote. Akanikataza kuinuka moja kwa moja: jibingirishe ubavu, teremsha miguu, jisukume kwa mkono. Akanieleza na habari ya alfajiri. Diski za uti wa mgongo, vile vitakia vilivyo kati ya pingili, hunywa maji usiku zikavimba, ndiyo maana kuinama mara tu unapoamka kunauma zaidi. Sasa natembea kidogo uani kabla ya kuswali, na ukuta siuhitaji tena. Mazoezi yake nafanya kila siku, na kwenye kofia nainuka kila mshono wa mduara ukikamilika. Dadangu alinitumia mshipi wa kiuno kutoka Mombasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi mishipi hiyo kwa maumivu sugu, basi umebaki sandukuni. Kukandwa kwa mafuta ya ufuta naendelea nako, kwa raha yake.

Kama maumivu yako yanakuja na homa, kukonda, miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia haja, usisome habari za magodoro. Nenda hospitali leo leo. Kifua kikuu nacho huingia kwenye uti wa mgongo. Na wewe kijana ambaye mgongo unakuamsha nusu ya pili ya usiku, asubuhi umekakamaa muda mrefu, na ukitembea unapata nafuu, mweleze daktari hivyo hivyo. Huenda ni baridi yabisi ya uti, ambayo ina dawa zake.

Ningelinunua tena? Ndiyo, kwa mtu wa uzito wangu wa kawaida anayelala ubavu. Mnene zaidi atafute lenye sponji nzito kuliko hili. Asiyestahimili joto abaki na sufi, lakini aifumue na kuijaza upya. Na ombeni dhamana kwa maandishi, iseme godoro likibonyea kiasi gani wanalibadilisha, maana langu limeandikwa "likiharibika" tu.