Gemu ya kuunganisha wanamuziki: eti NUTA na Msondo hawajuani

Gemu hii ya simu nilitaka kuipa nyota tatu. Sasa naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Kwa ambaye hajaicheza: unaletewa majina mawili ya wanamuziki au bendi, moja juu moja chini, katikati visanduku 5 vitupu, na saa inarudi nyuma kuanzia sekunde 90. Unajaza majina, kila jina lishikane na jirani yake, mpaka la juu lilifikie la chini. Mafundo yanayokubalika ni manne: bendi moja, wimbo mmoja, mahali pamoja, na neno. Hilo la neno ndilo lenye utamu, nitalifikia. Una mioyo 3. Fundo likikataliwa moyo mmoja unakwenda, na ikiisha yote unakaa kutazama matangazo ya mikopo.

Sasa juzijuzi wakaniletea mwimbaji Muhiddin Gurumo juu, bendi ya Msondo Ngoma chini. Jamani, hilo ni swali au zawadi? Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu ilipoanza 1964. NUTA ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka Juwata, bendi ikawa Juwata Jazz. Ilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Mwishowe likabaki jina la Msondo Ngoma. Bendi ile ile, imebadilishwa kibao tu mlangoni. Nikaandika NUTA Jazz kisanduku cha kwanza: kijani. Nikaivuta ishikane na Msondo: nyekundu, "Hakuna uhusiano". Nikatia Juwata Jazz katikati: nyekundu. OTTU: "Jina halipo". Mioyo yote kwisha, tangazo la mkopo hilo.

Ugonjwa wenyewe unaonekana kwa macho. Bonyeza jina lolote bila kuachia, kadi yake inafunguka. Utagundua kila jina la bendi lina kadi yake peke yake, na kadi mbili zinashikana pale tu mwanamuziki mmoja ameandikwa kwenye zote mbili herufi kwa herufi. Kwenye kadi ya NUTA kuna "Muhiddin Maalim Gurumo". Kwenye ya Msondo kuna "Muhidin Gurumo", d moja, Maalim hakuna. Kwa mashine hao ni watu wawili wasiojuana hata kwa salamu. Marijani naye wamempasua: kuna Marijani Rajabu mwenye u, huyo kapiga Safari Trippers, na Marijani Rajab asiye na u, huyo ndiye wa Dar International. Jabali la Muziki, ndilo jina lake la sifa, limegawanywa kokoto!

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zote, nikawapangia yale majina manne ya bendi kuanzia la zamani. Jibu likaja: "Mpendwa mteja, tafadhali tumia bendi zinazojulikana." Zinazojulikana! Msondo haijulikani? Nikauliza zinazojulikana na nani, wakanitumia ukurasa wa maelekezo, ule ule wa mioyo 3. Nina hakika aliyejibu hajawahi kusikiliza hata wimbo mmoja wa dansi mpaka mwisho, au alikuwa na haraka ya kwenda kula. Lakini kwa kampuni inayouza gemu ya muziki, hilo ni tusi.

Na hawa hawa, ukiunganisha Bi Kidude na Freddie Mercury, wanakupigia vigelegele. Kisa? Zanzibar. Fundo la mahali, pointi kamili. Sina ugomvi na Freddie, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, ni wetu. Ila ukimshikanisha Gurumo na Diamond Platnumz kwa sababu ya lile gari ambalo Diamond alimpa mzee mwaka 2013, unapoteza moyo. Haya, gari si wimbo, nakubali. Je, cheti cha kuzaliwa ndiyo wimbo?

Basi ningekuwa nimeshaifuta, ila kuna hilo fundo la neno, na hapo lazima niseme haki. Wakikupa Mbaraka Mwinshehe na Samba Mapangala, mtu wa kawaida atahangaika kutafuta nani alipiga na nani. Usihangaike. Mbaraka aliacha Morogoro Jazz 1973 akaunda Super Volcano. Mapangala ni Orchestra Virunga. Virunga ni milima ya volkano! Fundo limekaza, na gemu ikakubali bila kusita. Aliyefikiria hilo apewe soda, na sidhani kama ndiye anayejibu barua. Harmonize kwenda Fundi Konde nako wanapitisha, kwa njia ya Konde Gang, lebo ya Harmonize, ingawa mzee wa pwani ya Kenya na kijana wa Mtwara hawana undugu wowote zaidi ya herufi tano. Au Fadhili William kwenda Them Mushrooms: unapita Ujerumani kwa Boney M, ambao waliimba "Malaika" na pia "Jambo Bwana". Mkenya kwa Mkenya, kwa kupitia Ulaya. Hapo nilikuwa kwenye nyota nne, sifichi.

Kwa atakayeshupaa kucheza, mambo ya kuzingatia. Usitafute majina makubwa, tafuta waliohamahama. Gurumo peke yake anakufungulia NUTA, Mlimani Park ya 1978 na Safari Sound, mradi uchague kadi yenye Maalim. Ukitaka kuvuka kwenda Kongo, mtu wako ni Mose Fan Fan: alikuwa TPOK Jazz, bendi ya Franco, akaja kupiga Orchestra Makassy huku kwetu, na Makassy ndiyo bendi iliyomleta Remmy Ongala Dar es Salaam. Kwa hiyo Remmy hadi Franco ni visanduku vitatu: Makassy, Fan Fan, TPOK. Andika TPOK kwa herufi hizo tu. Ukianza na kirefu chake, Tout Puissant, mashine inagoma. Neno "Orchestra" lidondoshe kila mahali, kwa sababu nusu ya kadi zimeandikwa kwa Kifaransa, yenye e mwishoni. Jaza kutoka juu na chini kwa pamoja, fundo la neno liache kisanduku cha katikati, maana lina pointi chache na ndilo linalokula muda. Neno "Jazz" wamelifungia, na hapo wako sahihi: Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Vijana Jazz, Atomic Jazz, ukiruhusu hilo gemu imekwisha kabla ya kuanza.

Au achana nao kabisa, mcheze mezani. Watu 4 hadi 6, karatasi 40 zenye majina, mwamuzi mmoja asiyecheza na mwenye kumbukumbu ya redio. Mnachomoa mbili, anayeanza anasema fundo lake kwa sauti, yeyote anaweza kupinga, na anayepinga kimakosa anapoteza zamu. Fundo la mahali liwe mara moja tu kwa kila mnyororo, tena mji au mtaa, isiwe nchi. Mkisema "wote wa Tanzania" mtakuwa mmeshaunganisha kila mtu na kila mtu. Bendi iliyobadili jina ihesabike moja. Simba Wanyika na Les Wanyika zihesabike mbili, kwa sababu 1978 walitengana kweli, na Les Wanyika wakatoka na "Sina Makosa" yao. Mashine haielewi tofauti hiyo, mwamuzi wa mezani anaielewa.

Nyota mbili, basi, kwa ajili ya Volcano na Virunga. Hapana, nimekumbuka "bendi zinazojulikana". Moja.

Na jambo la mwisho kwa waliokwisha kujiunga: ukifuta gemu kwenye simu, malipo ya kila wiki hayafutiki. Ingia kwanza kwenye wasifu, shuka mpaka chini kabisa chini ya picha ya gitaa, kuna maandishi madogo ya kijivu "Simamia kifurushi". Sitisha pale, subiri ujumbe wa uthibitisho, ndipo ufute. La sivyo salio lako litaendelea kuliwa kila Jumatatu.