Raba ya maji kwa sisi masonara wadogo: niliyoyaona mpaka sasa

Nimeitumia hii raba ya maji, yaani silikoni ya kumimina, mwaka mzima sasa hapa Dar, kibanda changu ni chumba kimoja tu nyuma ya nyumba, kwa hiyo msitegemee maneno ya kiwandani. Zamani kalibu zangu zote (ule ukungu unaopigia nta, halafu umbo la nta ndo linakuja kutolewa kwa dhahabu) nilikuwa natumia raba ya kupika, ile unaibana kwenye pasi yake, mashine ya kukandamiza, kwenye joto la kama nyuzi 150, na kwa pete nene haina shida kabisa, bado naitumia na siiachi.

Kilichonihamisha ni hereni. Dada mmoja kaniletea hereni ya kizamani, dhahabu nyembamba kama ganda la karanga, mgongo wazi kama kibakuli, na usoni ina vinukta vya dhahabu vidogo vidogo 24 (nilivihesabu). Mwenzake imepotea, anataka nimtengenezee pacha. Akaniambia fundi, hii ni ya marehemu bibi, ukiiharibu usinipigie hata simu we hama mji tu. Sasa kitu kama kile ukikiweka kwenye pasi na ule mkandamizo kinatoka chapati. Halafu raba ya kupika ikipoa inasinyaa, asilimia 2 mpaka 4 hivi, kwa pete utasema poa lakini hereni inakaa jirani na pacha wake, watu wataona.

Nikaanza na ile ya bei rahisi, inayokauka kwa hadena (dawa ya kukaushia) ya bati, unapima gramu 100 kwa 10. Siiponde, inakauka hata ukiwa mzembe kidogo, niliifanyia majaribio kwenye vikuku nikapata nta nzuri tu. Ila baada ya miezi kadhaa kalibu ikaanza kukakamaa, nikiifungua inachanika pembeni. Kwa kazi ya mara moja sawa, kwa kalibu ya kuweka hapana.

Ndo nikanunua silikoni inayokauka kwa platinamu, makopo mawili A na B unachanganya nusu kwa nusu, bei yake imenikaa kooni mpaka leo. Na hii bwana ina madeko! Mara ya kwanza nilizungushia hereni udongo wa kuchezea watoto, nimevaa glavu za mpira zile za hospitali, nikamimina nikalala. Asubuhi juu imekauka safi, chini kwenye hereni ni ute ute kama bamia. Nikamtolea uvivu muuzaji kwenye simu kwamba kaniuzia mzigo mbovu, kumbe shida ni salfa, udongo ule unayo na glavu zile nazo, na platinamu ikigusana na salfa inagoma kukauka. Muuzaji nilimuomba radhi lakini na yeye angeniambia siku ananiuzia, sentensi moja tu ingetosha. Nilikaa na kijiti cha meno na mswaki mkuukuu siku nzima natoa ule ute kwenye vinukta. Siku hizi glavu ni zile za naitraili, na kitu kipya chochote nakidondoshea tone moja kwanza nasubiri.

Mara ya pili ikakauka vizuri lakini nikapiga nta nikahesabu vinukta nikapata 31. Saba za ziada! Mapovu hayo, kila povu lililoganda kwenye hereni kwenye nta linatoka kinukta. Kwa hiyo kama huna pampu ya kunyonya hewa usijidanganye kwamba kumimina taratibu kwa uzi mwembamba kutatosha, kunapunguza tu. Mimi nilienda kuazima pampu kwa fundi wa mafriji, sufuria zito, juu kioo kinene na raba ya kuziba. Ukiwasha ule mchanganyiko unaumuka kama maziwa yanataka kumwagika, mara tatu mara nne, halafu unaanguka wenyewe, hapo unajua hewa imetoka. Chombo kiwe kikubwa basi, mimi mara ya kwanza nilijaza nusu, pampu ya watu ikanusurika kidogo.

Jambo lingine ni joto letu. Kopo linasema una dakika 40 kabla haijaanza kuganda lakini hizo ni za nyuzi 23, mwezi wa pili hapa nilipata kama 20, nikiwa bado nahangaika na mapovu inaanza kuvuta. Sasa makopo yanalala kwenye friji usiku mmoja kabla ya kazi, mke wangu kayaandikia SI MTINDI.

Kukata kalibu kuitoa hereni ni raha, kwa sababu ninayotumia inapitisha mwanga, unaona hereni ilipo, kisu cha upasuaji namba 11, unakata kwa zigizaga ili vipande viwili visiteleze vikifungwa.

Dada alipokuja kachukua zote mbili akazigeuza akaniuliza ya bibi ipi. Nikamwambia weka mkononi, nzito ndo yangu, nta ile ilibidi niipake kwa ndani iongezeke unene kwa sababu ikiwa nyembamba vile dhahabu haifiki kila kona.