Fundi wa kabureta pale Kirumba, kwadi yangu imetulia

Jamani wenye kwadi baiki (pikipiki za magurudumu manne) na hata bodaboda za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hapa Mwanza, nimepata fundi na siwezi kukaa naye kimya.

Yangu niliinunua mtumba Dar, kazi yake kubeba madumu ya maji na nyanya shambani Igombe, wikendi nakodisha ufukweni. Tangu imeshuka kwenye lori haikuwahi kutulia. Asubuhi ina nafuu, ikifika saa saba jua limewaka inaanza kuguguma ukivuta mafuta, moshi mweusi, harufu ya petroli mpaka kwenye nguo. Fundi wa kwanza, sehemu nyingine huko, kanibadilishia plagi tatu ndani ya mwezi mmoja halafu akasema ninunue kabureta mpya. Roho iliniuma sana.

Huyu wa Kirumba yuko njia ya kushukia Mwaloni, kibanda hakina hata kibao. Hakushika spana kwanza, aliniuliza, "Kaka, inakusumbua saa ngapi?" halafu akauliza imetoka wapi. Akafungua plagi akaniwekea kiganjani, nyeusi tii, masizi makavu kama ya chini ya sufuria ya kuni. Akanieleza kwamba Dar ni usawa wa bahari, huku kwetu ziwa lenyewe tu liko mita 1,134 juu, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10, na jeti kubwa iliyomo, yaani kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta, ni namba 120 (namba ikiwa kubwa petroli inapita nyingi), inamwaga petroli ya Dar kwenye hewa ya Mwanza. Jua likiwaka hewa inatanuka inazidi kuwa nyepesi, na ule unyevu wa ziwa nao unachukua nafasi ya hewa, ndo maana mchana inakabwa kabisa.

Kabla ya kutuni akatoa sponji ya airkilina, kichujio cha hewa ya injini, imelowa mvua, akasema ukituni na sponji imeziba unajidanganya. Akalegeza skrubu ya chini ya bakuli la floti, pale petroli inapokaa ndani ya kabureta, petroli ikatoka kwenye chupa ya plastiki aliyoikata, na chini kabisa nikaona matone ya maji yanabingirika kama shanga. Maji hayo nimetembea nayo msimu mzima wa masika!

Kwenye kopo lake alikuwa na jeti 112 tu, akaifunga saa nane mchana jua kali, kwadi ikaruka kama mpya, nikataka kulipa niondoke. Akakataa, akasema iache ilale hapa uje saa kumi na mbili asubuhi. Alfajiri ikanyesha, baridi, nimefika akaiwasha mbele yangu: haiwaki bila kuvuta choki ya kuzidisha petroli, na ukiachia mafuta inapiga risasi kwenye egzosi. Plagi nyeupe kama chaki. Hewa ya baridi ni nzito, petroli haitoshi, ukiendelea hivyo injini inachemka mpaka pistoni inaungua. Kwa hiyo nikasubiri siku mbili ipatikane 115, na hapo kweli nililalamika maana wateja wa wikendi niliwakosa, ila ilipofungwa ikajaribiwa tena asubuhi na mchana, plagi ikatoka rangi ya kahawia ya chai ya maziwa. Sailensa, ule mngurumo wa injini bila kuvuta mafuta, imeshika, haizimi tena.

Na kanifundisha, sikulipia hilo. Skrubu ya kutuni ya kabureta yangu iko upande wa airkilina, ni ya hewa, kwa hiyo joto likizidi nafungua robo raundi, baridi ikirudi nairudisha, injini ikiwa imeshapata moto. Zingine skrubu iko upande wa injini, hiyo ni ya mafuta, ukifungua unaongeza petroli, msichanganye. Jeti kubwa usiiguse kila wiki, kutoka asubuhi ya baridi mpaka mchana wa jua hapa kwetu hewa inapungua kama asilimia 4 tu, mabadiliko makubwa ni ukipanda mlima au ukiipeleka pwani.

Nimelipa elfu 40 na jeti ndani yake. Mapungufu: simu hapokei, kivuli hakuna, na jeti hana za kutosha, bora umwambie mapema namba iliyomo. Jumapili hafungui. Ukienda chunguza kwanza inasumbua saa ngapi, maana hilo ndo swali lake la kwanza.