Miwa, au vitunguu na ng'ombe?

Mkulima wa Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, anayepanda miwa hulala usingizi: bei ya chini ambayo kiwanda kinapaswa kumlipa hupangwa na serikali. Lakini muwa hukaa shambani mwaka mzima au zaidi, na kiu yake haina mfano. Kitunguu hukomaa kwa miezi minne hivi, ingawa bei yake huporomoka ghafla.

Kijiji cha Hiware Bazar, katika jimbo hilohilo, chenye mvua haba, kilipiga marufuku miwa pamoja na visima virefu vya kumwagilia. Naona walifanya sawa kabisa. Kila mwaka hupima mvua kwanza, ndipo wapange mazao. Mifugo haiachiwi vilimani. Nyasi hukatwa kwa mundu, zikabebwa nyumbani, na maziwa huingiza fedha hata vitunguu vikidoda.