TAHADHARI: Anayejiita wakala wa kupeleka watoto wetu Ujerumani kucheza mpira ni TAPELI

Naandika mkono unatetemeka. Mliochangia ile safari ya mwanangu ya kwenda Ujerumani ndio wa kwanza ninaowaomba radhi, maana pesa yenu imeliwa. Hakuna klabu, hakuna majaribio, hakuna mkataba. Mtoto karudi hapa Louisville, Marekani, jana usiku na daluga zake mpya hazijagusa nyasi.

Mwaka jana mwanangu aliumizwa moyo na timu ya hapa; wengi mnayajua, siyarudii. Huyu mtu aliingilia palepale penye kidonda. Alimwandikia kijana Instagram, akasifia lile bao la mguu wa kushoto, halafu akaomba namba yangu. Nikafurahi kwamba anamtafuta mzazi kwanza. Alipopiga alinisalimia kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha Uvira, akauliza kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nilikaa zoni gani. Nikamwambia. Akasema shangazi yake alikaa zoni ya jirani, akanitajia hadi bomba tulilokuwa tukipanga foleni ya maji. Ndugu zangu, mtu wa namna hiyo unamdai cheti?

Na wala hakukimbilia pesa. Wiki tatu nzima alikuwa akipiga kuuliza mtoto analala saa ngapi, goti linaendeleaje. Mama yangu alipolazwa, aliomba pamoja nasi kwenye simu. "Pulisic wa Marekani aliingia klabu ya Dortmund, huko Ujerumani, ana miaka 16. McKennie naye alitoka Dallas akaenda klabu ya Schalke. Wako amepungukiwa nini, mama?" Nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku ghalani, viatu sijavua. Nikasema kweli, wangu amepungukiwa nini?

Ikaja ile Jumapili. Alisema skauti wa klabu, yaani mtafuta vipaji, anataka kumwona mtoto kwa video. Tukakaa jikoni, simu tumeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, mdogo wake kaishikilia isidondoke. Akatokea mzungu amevaa koti la mazoezi lenye nembo ya klabu, nyuma yake dirisha, na nje ya dirisha uwanja wa kijani. Akamwambia mtoto asimame, ageuke, aonyeshe miguu. Mwanangu akapandisha suruali mpaka magotini. Yule mzungu akatazama, akainama, akaandika kwenye daftari. Lile daftari ndilo lililonimaliza. Kuona mtu Ulaya anaandika habari za mwanangu kwa kalamu, nikajua Mungu amesikia.

Simu ikakatika. Hazikupita dakika mbili, ujumbe ukaingia: imebaki nafasi moja, kuna kijana wa Ohio anaitaka, lipieni kabla ya saa sita usiku. Dola 350 za usajili. Nilituma chai yangu haijapoa. Baada ya siku nne, dola 1,900 za malazi na kambi ya siku kumi. Halafu 1,250 za bima na barua ya mwaliko. Jumla 3,500, mbali na nauli ya ndege tuliyokata wenyewe. Kila nikituma, ananijibu kwa sauti: "Mungu akubariki, mama mzazi." Hizo sauti ninazo zote.

Mtoto alitua Frankfurt saa moja asubuhi, huku kwetu ni saa saba usiku. Niko kazini, simu nimeificha kwenye kizibao. "Mama, sijamwona mwenye karatasi ya jina langu." Kisha: "Nimezunguka milango yote." Kisha ikaja picha ya sanduku lake tu, bila neno. Nikampigia yule mtu, simu ikaita mara mbili, ya tatu ikawa imezimwa. Haijawaka tena mpaka leo. Kwa muda wa saa tisa mwanangu kakaa pale, mpaka binamu yangu alipotoka kazini Köln kwenda kumchukua.

Kesho yake wakaenda klabuni wenyewe. Mama wa ofisini aliwapokea vizuri. Aliilaza ile barua mezani, akawaonyesha kwa kalamu: nembo hii ni ya zamani, aliyesaini hatumjui, na klabu haiandikii watu kwa Gmail. Tena akasema hata barua ingekuwa halali, asingesajiliwa. FIFA hairuhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine, ila kwa sababu chache, kama mzazi amehamia huko kwa mambo yasiyo ya mpira, au mtoto ana miaka 16 na pasipoti ya Umoja wa Ulaya. Pulisic alikuwa na pasipoti ya Kroatia kupitia babu yake. Hilo yule shetani hakunitajia! Wangu ana miaka 17 na pasipoti ya Marekani peke yake.

Mnaoniuliza dalili: alinikimbiza na saa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonyesha uso, kila siku kamera mbovu. Alitaka pesa kabla ya mkataba, na wakala wa kweli anakula kwenye mkataba. Tangu Oktoba 2023 wakala lazima awe na leseni ya FIFA na majina yapo kwenye tovuti yao. Nimelitafuta lake leo, halimo. Imenichukua dakika moja. Dakika moja, na mimi nilimpa miezi miwili!

Benki inasema nilituma kwa hiari yangu. Nimeshamshtaki kwa FBI kupitia IC3, ule ukurasa wao wa kuripoti utapeli wa mtandaoni, lakini simtaki arudishe pesa halafu aachiwe. Nataka afungwe. Nataka sauti yake isikilizwe katika kila kanisa la watu wetu, mama yake aliko aisikie, ajue mwanawe anakula pesa za wakimbizi wenzake na kutupa watoto uwanja wa ndege.

Na bado anaendelea. Asubuhi hii dada mmoja wa Des Moines kanitumia sauti ya mtu anayeulizia goti la mwanawe. Ni yeye, kwa namba nyingine. Aliyepigiwa na mtu huyu asimjibu, asimtukane, asifute kitu. Nitumieni risiti na sauti mlizonazo. Jumatatu saa tatu asubuhi naenda polisi, na sitaki kwenda peke yangu.